Re: Mlango wa mbele, fremu ing'olewe au ibaki?

Habari mkuu. Umeuliza kama ni lazima ung'oe fremu unapobadilisha mlango wa mbele, maana fundi wa hapo Uyole amekupigia hesabu ya vyote viwili, mlango na fremu.

Choma bisibisi miguuni mwa fremu, inapogusa sakafu. Ikizama, imeoza: ing'oe, na hapo ndipo saruji, plasta na rangi vinapopaisha bei. Ikiwa ngumu, nunua mlango mtupu, bawaba 3 za inchi 4 na kitasa. Pima upana wa ndani ya fremu juu, katikati na chini. Fuata kipimo kidogo, kisha utoe milimita 3 kila upande.

Paini mbichi ya Mafinga ni rahisi, lakini ikikauka kiangazi itapinda. Bora mninga mkavu. Vanishi ifike hadi ukingo wa chini. Mafundi wengi huuruka, na maji ya mvua hupandia hukohuko.