Semina ya walimu wa kompyuta: njoo na makosa ya wanafunzi wako

Walimu wenzangu wa kompyuta, hasa nyie wa huku kanda ya ziwa, kuna kitu nimekaa nacho muda mrefu nataka nikiseme. Nimefundisha somo hili miaka tisa hapa Mwanza, nilianzia shule moja ya Igoma sasa hivi niko upande wa Ilemela, na semina nilizokaa ni nyingi. Karibu zote ni zile zile, ukumbi mzuri, projekta, mwezeshaji anafungua Python, ile lugha ya kuandikia programu, anaandika yeye peke yake sisi tunapiga slaidi picha kwa simu, saa nne chai, siku ya tatu jioni cheti. Halafu Jumatatu umesimama mbele ya kidato cha pili wako 58, kompyuta zinazowaka 11, na kinachokukwamisha hakikuguswa na slaidi hata moja.

Kilichonikwamisha mimi ni hiki. Niliandika ubaoni variabo mbili, yaani majina ya kuhifadhia thamani kwenye programu: a ni 5, kisha b inapewa a, kisha a inapewa 7, sasa b ni ngapi? Zaidi ya nusu ya darasa wakasema 7, yaani kwao b imeshafungwa kwenye a, a ikienda na b inaenda. Hao niliwatarajia. Walionichanganya ni kikundi cha pembeni, walisema b ni 5, sawa kabisa, ila nilipowauliza a ilikuwa na nini kabla hatujaiwekea 7 wakajibu haikuwa na kitu. Tupu. Mimi nikaona hawakusikiliza, nikarudia maelezo yale yale kwa sauti ya juu zaidi, na kwenye mtihani wakakosa vile vile.

Miezi kadhaa baadae tulikutana walimu watano tu, Jumamosi, kwenye ofisi ya walimu ya shule moja, hakuna mwezeshaji wala bango. Nikalisema hilo tatizo. Madam mmoja anayefundisha Sengerema akaniuliza, "Kwani mwalimu, variabo uliwafundishaje?" Nikamwambia kwa sado, kile kindoo cha kupimia sokoni, watoto wa huku dagaa wanazijua, basi variabo ni sado na thamani ni dagaa zilizomo ndani. Akatulia kidogo akasema, "Sasa ukimimina dagaa za sado ya a kwenye sado ya b, sado ya a inabaki na nini?"

Sikuwa na jibu. Wale watoto walinisikiliza vizuri sana, walifuata mfano wangu mpaka mwisho na mfano ndio uliokuwa na kosa. Darasa zima nililifundisha kosa mwenyewe kisha nikawalaumu wao, na hiyo kitu iliniuma kwakweli.

Tukakaa karibu saa nzima kwenye hilo peke yake. Mwisho tukatoka na ubao wa bei. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba mwenye sangara anaandika bei kwenye kibao kwa chaki, wewe unapita unainakili kwenye daftari lako, baadae yeye anafuta anaandika bei nyingine. Daftari lako lina bei gani? Ile ya zamani. Na ulipoinakili je, kibao chake kilibaki kitupu? Hapana. Nilirudi darasani na mfano huo na binti mmoja wa kile kikundi cha pembeni akasema, "Kumbe b haijapata taarifa." Ndio hivyo, haijapata taarifa mpaka umwambie akanakili tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa: ukiitwa semina, au ukiiandaa wewe, usiende kujifunza programu mpya. Programu utajifunza usiku mwenyewe na bando lako. Nenda na makosa ya wanafunzi wako yameandikwa kwenye karatasi kama walivyoandika wao, usiyasahihishe, mwage mezani wenzako wayaone. Mwalimu wa hesabu ana wenzake watatu wanne pale pale shuleni wa kumuuliza, sisi wengi wetu uko peke yako shule nzima, hata kwenye MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, ukikaa na wenzako wa shuleni unaongea na mwalimu wa biolojia na wa kiswahili, wanakusikiliza kwa moyo wote lakini lupu isiyoisha, yaani mistari ya programu inayojirudia bila kukoma, hawaijui. Ndio maana lazima tutafutane sisi kwa sisi.

La pili, kila mwalimu aandike kwa mkono wake, akosee, akwame. Kuna sheria moja tumeiweka na tunaisimamia kwelikweli: hakuna kushika mausi ya mwenzako. Kila kundi lina fundi mmoja anayejua sana, na akiona umekwama anakuvuta kibodi anamaliza yeye, wewe umebaki unatazama, na mara nyingi anayenyang'anywa ni mwalimu wa kike au aliyeanza juzi. Mwambie fundi aulize maswali, mikono mgongoni.

Tunafuata pia utaratibu wa PRIMM, uliotengenezwa na Sue Sentance na wenzake Uingereza: kwanza unatabiri programu itatoa nini, unaiendesha, unaichunguza, unaibadilisha, ndio mwisho unatengeneza yako. Sisi wengi tulikuwa tunaanzia huko mwisho, "haya andikeni programu ya kutafuta wastani", mtoto anakodolea kioo kipindi kizima. Hatua ya kutabiri usiiruke, maana hapo ndipo kosa linajitokeza kabla kompyuta haijamwambia jibu.

Umeme wa kutegemea hamna, kwa hiyo andaa vitu vya karatasi mapema. Zile kadi za nukta 1, 2, 4, 8 na 16 za CS Unplugged, mazoezi ya kufundishia kompyuta bila kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Canterbury kule New Zealand, kwa kadi tano tu unahesabu mpaka 31 na mwanafunzi anashika mfumo wa namba mbili bila kompyuta hata moja. Nyingine tunayoipenda ni mafumbo ya Parsons, nayo imetoka huko huko New Zealand, Dale Parsons na Patricia Haden waliandika kuihusu mwaka 2006: unachapa mistari ya programu, unaikata vipande, unachanganya, wanafunzi wanaipanga. Kwa darasa la 58 na kompyuta 11 hii imeniokoa. Ukipita kwenye meza unaona kabisa nani ameweka mstari wa kuchapisha ndani ya lupu na nani nje, kwenye kioo ungechelewa kuliona.

Kuhusu mashine, haraka haraka. Usimwambie mtu apakue siku ile ile, bando zitaisha kabla ya chai, weka kila kitu kwenye fleshi siku mbili kabla. Kama maabara yenu bado ina Windows 7 usihangaike na Python mpya, ya mwisho kukubali hapo ni 3.8, kuanzia 3.9 inakataa. Scratch 3 ya kusakinisha, ile ya kupanga programu kwa vipande vya rangi, nayo inataka Windows 10, kwa mashine kuukuu chukua 1.4 inatosha kabisa kwa kidato cha kwanza. Na jaribuni Thonny, ya kuandikia Python, iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia, ni nyepesi, ikishasakinishwa haihitaji intaneti, na inakuonyesha variabo zote pembeni zikibadilika mstari kwa mstari. Ile hadithi ya b haijapata taarifa wanaiona kwa macho.

Posho. Lisemeni mwanzoni wazi, kwenye ujumbe wa kwanza kabisa wa mwaliko, kwamba hakuna, kuna chai na mihogo, na kama mkuu wa shule anaweza kurudisha nauli mwombeni kwa barua. Mtu akija akitegemea bahasha asiione harudi tena na hana kosa, aliacha shughuli zake. Angalieni na njia za watu. Madam wa Sengerema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 anatuwahi sisi wa mjini, zamani foleni ya kivuko ilikuwa inamlia asubuhi yote. Ila mwenzetu wa Ukerewe inabidi apande meli Ijumaa, analala kwa dada yake Kirumba, basi yeye ndiye tunamuuliza tarehe kwanza ndio wengine tunafuata.

Na msiachane hapo. Kila mmoja anaondoka na kipindi kimoja cha kwenda kufundisha wiki hiyo hiyo, kimoja tu, na mkikutana tena mnaanza na majibu ya wanafunzi.

Jumamosi ijayo tunaanza na karatasi zangu 23, wote wameandika print, inayoonyesha tu jibu kwenye kioo, pale walipotakiwa kuandika return, inayolikabidhi jibu kwa programu iendelee kulitumia, na wanaona programu yao iko sawa kabisa maana jibu limetokea kwenye kioo. Mfano wa sokoni wa kulieleza hili bado sijaupata. Nimefikiria mpiga mnada anayetangaza bei na yule anayekukabidhi samaki mkononi, ila baada ya yale ya sado sitaupeleka darasani kabla Madam hajauuliza maswali.