Nani aliyeiangusha Reli ya Kati?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila tunapozungumzia Reli ya Kati hapa Tabora, wazee humtupia lawama mwekezaji kutoka India aliyekabidhiwa reli hiyo mwaka 2007. Je, ni yeye aliyeiangusha, au ilikuwa imekwisha kuanguka?

JIBU: Ilikuwa imekwisha kuchoka. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928 chini ya Waingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania lilizaliwa huku makao makuu na karakana kuu ya shirika la zamani vikibaki Nairobi. Pigo hilo halikuwa kosa la wahandisi wetu, lakini miaka thelathini iliyofuata ni ya serikali yenyewe.

Matengenezo yalipoahirishwa mwaka baada ya mwaka, sehemu kubwa ya njia ilibaki na reli nyepesi za zamani, hivyo madereva walilazimika kupunguza mwendo. Treni ikienda polepole, behewa huchelewa kurudi kupakia mzigo mwingine, mapato hupungua, na fedha za kununulia mataruma hukosekana tena; wenye mizigo nao huhamia kwenye malori, ambayo hupita kwenye barabara zinazojengwa kwa fedha za umma, ilhali shirika la reli lilitakiwa kuitunza njia yake kwa nauli na ushuru wa mizigo. Ushindani wa namna hiyo, kwa maoni yangu, haukuwa wa haki hata kidogo.

Mwekezaji naye hakuwa malaika. Kampuni ya RITES ilichukua asilimia 51 ya hisa za Kampuni ya Reli Tanzania (TRL), serikali ikabaki na 49, kwa mkataba wa miaka 25. Migomo ya wafanyakazi waliodai mishahara ilifuata, mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 yakaibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, na ubia wenyewe ukavunjwa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa wakati wote huo, mwenye treni alikuwa TRL na mwenye njia alikuwa RAHCO, kampuni nyingine ya serikali, mgawanyo uliotokana na sheria ya mwaka 2002. Ilihitajika sheria nyingine, ya mwaka 2017, kuvirudisha vyote chini ya shirika moja.