Mwasumini haukuwa mgonjwa, ulitaka kukatwa

Mwasumini wangu ulikaa miaka miwili bila kutoa ua hata moja. Majani ulikuwa nayo tele, ya kijani kilichokoza, na matawi yalishapanda ukuta hadi kwenye nondo za dirisha. Wageni waliusifu. Mimi kila jioni niliutazama roho ikiniuma, maana niliupanda kwa ajili ya ile harufu niliyoizoea kwenye kanga za marehemu bibi yangu, si kwa ajili ya kivuli.

Muuza miche wa kando ya barabara aliniambia niongeze mbolea ya urea. Nikaongeza. Majani yakazidi, maua hakuna. Urea ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ikizidi mmea hukazana kurefuka na kuota majani. Kwa asumini mimi siitumii tena. Natia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, makopo mawili kila baada ya miezi mitatu, basi.

Aliyeniokoa ni jirani yangu hapa Kigamboni, bi mkubwa aliyekulia Unguja. Nilimwamkia, tukazungumza, akaingia uani akashika tawi moja nene lenye gome la kahawia. "Mwanangu, ua la asumini halikai kwenye tawi kuukuu. Lete kisu."

Hapo ndipo penye siri yote. Matumba ya asumini hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya. Usipoukata, mwasumini unabaki na mikono mirefu mikavu isiyo na kitu. Tulipunguza kama theluthi ya mti mzima: kwanza matawi yaliyokauka, kisha yanayosuguana, halafu marefu yote tukayakata juu kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea. Kisu kiwe kikali, ukipanguse kwa spiriti kabla ya kuanza. Ilikuwa mwishoni mwa Februari, masika yakikaribia, na hata sasa wakati huo ndio ninaoupenda zaidi kwa kazi hii. Baada ya wiki tatu kila kifundo kilikuwa na vichipukizi viwili, na kabla ya masika kwisha nikaona matumba ya kwanza, meupe, madogo kama punje za mchele. Nililia, sitaficha.

Tangu hapo, kila maua yakipukutika kwa wingi, napunguza tena ncha kidogo. Katikati ya kiangazi kikali siugusi.

Jua ni lazima, saa sita kwa siku au zaidi. Ukiuweka chini ya mwembe utapata majani tu.

Sisi wa pwani tuna shida nyingine, maji ya kisima. Ya kwangu yana chumvi. Kingo za majani zilianza kuungua, zikawa za kahawia, na juu ya udongo kukawa na utando mweupe kama unga. Nikaanza kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyahifadhi kwenye pipa kwa ajili ya mwasumini peke yake. Yakiisha natumia ya bomba. Kama umepanda kwenye ndoo, itoboe matundu ya kutosha chini, kisha mara moja moja mwagilia maji baridi yasiyo na chumvi kwa wingi mpaka yachuruzike, yaondoke na chumvi iliyojikusanya. Mchanga wetu huu haushiki maji, kwa hiyo natandaza majani makavu juu ya udongo kuzunguka shina ili unyevu usikimbie.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, geuza majani uangalie kwa chini. Mara nyingi utakuta vidung'ata, wadudu wadogo weupe, vimejikunja kama pamba. Sisimizi hufuata utamu unaotolewa na vidung'ata hivyo. Mimi huvisugua kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, jioni jua likishapoa, na asubuhi nasuuza.

Kuchuma nako kuna wakati wake. Asumini hufunguka jioni, na kesho yake hulegea na kubadilika rangi. Kwa hiyo nachuma alasiri, matumba yakiwa yamevimba lakini bado yamefumba, nayaweka kwenye kisahani chenye maji kidogo. Nikisharudi kutoka kuswali magharibi nayakuta yamefunguka. Mengine nampelekea bi mkubwa, ayachanganye na majani ya rehani afunge kikuba, kile kishada cha kupambia nywele.