Kabla hujachomeka moduli kwenye ruta

SWALI: Nimekabidhiwa moduli ya kuongeza poti kwenye ruta ya ofisi. Mwenzangu mmoja anasema nizime tu, nichomeke, niwashe. Mwingine anasema hata kuzima si lazima. Nimsikilize nani, na nijiandae vipi nisije nikaunguza kitu?

JIBU: Ndugu, usimsikilize yeyote kati yao kabla hujafungua mwongozo wa moduli yenyewe. Hata za kampuni moja hazilingani. Kwenye ruta za Cisco ISR 4000, moduli nyingi za aina ya NIM hubadilishwa ruta ikiwa inaendelea kufanya kazi, mradi uzisimamishe kwanza kwa amri. Kadi za EHWIC, yaani moduli ndogo za ruta za Cisco za familia ya 2900, zinataka umeme uzimwe kabisa. Ukishaushika mwongozo, angalia pia kama toleo la programu ya ruta linaitambua moduli hiyo, na kama pawa sapai (kifaa kinachoilisha ruta umeme) inaimudu, hasa ikiwa poti zake zitalisha umeme simu za mezani au kamera.

Kisha hifadhi mipangilio. Kwa Cisco amri ni copy running-config startup-config. Baada ya hapo weka nakala nyingine nje ya ruta. Mabadiliko ambayo hayakuhifadhiwa hupotea ruta ikizimwa, halafu lawama zote huishia kwa moduli mpya.

Mwongozo ukitaka uzime, kuzima maana yake ni kuchomoa, si kubonyeza swichi tu. Ruta nyingi kubwa zina pawa sapai mbili, kwa hiyo zunguka nyuma uhesabu waya. Laini za simu zichomoe pia, kwa sababu volti ya kuitia simu inaweza kufika 90 hivi, nayo haitoki kwenye soketi yako. Radi ikiwa inapiga, ahirisha kazi.

Sasa umeme tuli, yaani umeme unaojikusanya mwilini, ambao mafundi wengi huudharau kwa kuwa hawauhisi. Mwili huanza kuhisi mshtuko wake kwenye volti 3,000 hivi, ilhali baadhi ya vipuri huharibika chini ya volti 100. Kibaya zaidi, kipuri kinaweza kujeruhiwa tu bila kufa: moduli ikawaka vizuri leo, ikaanza kusumbua wiki kadhaa baadaye, na wewe ukahangaika na kebo zisizo na kosa.

Vaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, ugusane na ngozi, si mkono wa shati. Klipu yake ibane chuma kisichopakwa rangi kwenye kasha la ruta. Rangi huzuia umeme kupita. Kabla ya kuuamini upime kwa mita: usomaji uwe kati ya megaohmu 1 na 10. Ukisoma chini ya hapo utupe, maana rezista iliyomo (kipuri kinachozuia umeme mwingi kupita) ndiyo inayokulinda wewe ukigusa waya wenye umeme kwa bahati mbaya. Hata hivyo usiuchukulie kama kinga ya kufanyia kazi penye umeme wa soketi.

Hapa wengi hujikwaa: ukichomoa waya wa umeme, ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini) inayopita kwenye plagi nayo imekatika. Ndiyo maana kasha linatakiwa liwe na waya wake wa ethi uliofungwa kwa skrubu. Kama haupo, ufunge kwanza.

Moduli iache ndani ya mfuko wake hadi nafasi ya kuichomeka kwenye ruta iwe wazi. Ishike kwenye uso wa mbele na kingo, vidole visiguse saketi wala pini. Ukilazimika kuiweka chini, iweke kwenye mkeka wa kuzuia umeme tuli, si juu ya mfuko. Ikigoma kuingia usiilazimishe; itoe, tazama reli, jaribu tena, ndipo ukaze skrubu.

Kama ina poti za faiba, usichungulie ndani: leza yake haionekani kwa macho lakini huumiza jicho. Vifuniko vya vumbi vibaki hadi kebo iwe tayari. Bamba lililoziba nafasi hiyo kabla hujaitoa lihifadhi, kwa sababu siku ukiiondoa moduli bila kulirudisha, hewa ya feni itatokea hapo na ruta itapata joto.