Bampa za kromu za Beetle, usipige rangi juu kwa juu

Kaka, umeuliza kama unaweza kupiga rangi nyeusi bampa la mbele la Beetle yako ya 1970 maana kromu imeanza kubanduka. Inawezekana, ila usipige juu kwa juu, kromu ni laini kama kioo rangi haishiki. La kwangu fundi aliruka msasa, miezi mitatu tu nikawa naibandua rangi kwa kucha, iliniuma sana.

Fungua bampa ulitoe kabisa, pale palipobanduka piga msasa namba 180 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi) mpaka ukipitisha kidole usisikie ule ukingo, maana ukiacha ngazi itaonekana tu hata upake koti kumi, halafu bampa zima msasa wa maji 320 hadi mng'ao wote ufe libaki kijivu. Vaa maski na usisugue kavu, chini ya kromu kuna nikeli na vumbi lake ni baya kwa mapafu, tafadhali usidharau hili. Mambo ya kutoa kromu kwa asidi nyumbani achana nayo.

Futa na thina, usishike tena mkono mtupu, kisha praima ya epoksi (rangi ya msingi inayoshika kwenye chuma), rangi koti mbili nyembamba, mwisho klia, ile ya juu isiyo na rangi.

Zile fito za milangoni pima na sumaku kwanza, isiponata mara nyingi ni alumini, hapo 180 itaichimba, anza na 400 taratibu na utafute praima ya alumini.

La nyuma umesema lina vidoa vya kutu tu? Usilipake kaka, sugua na foili ya jikoni na maji kwanza uone linavyorudi.