Hipokampasi iliyojitenga na wenzake: ifutwe au ibaki?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni msaidizi wa utafiti, niko Chake Chake. Tuna picha za ubongo za MRI za watu 48, nusu wana kifafa na nusu hawana. Programu ya FreeSurfer imetupimia ujazo wa hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, iliyopo moja kila upande, na watu wanne wametoka mbali sana na wengine. Mmoja ana milimita za ujazo 2,100 kushoto na 3,700 kulia. Msimamizi wangu anasema yeyote aliyepita michepuko sanifu 3 (kipimo cha namba zinavyotawanyika) kutoka wastani nimfute. Mkono unasita. Nifute?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Mkono wako una akili. Usifute.

Fungua kwanza picha ya huyo wa 2,100. Namba iache, tazama mstari wa rangi ambao programu imeuchora: umefuata ukingo wa hipokampasi au umeikata katikati? Kama umekaa sawa, namba ni ya kweli, na huenda ndiyo habari kubwa kuliko zote mlizo nazo. Kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo ndani ya panja mara nyingi hukutwa na hipokampasi ya upande mmoja iliyosinyaa na kufanya kovu. Mtamfuta mtu kwa kuwa na ugonjwa ule ule mnaoutafiti!

Mimi wananitisha zaidi hao 44 mlioridhika nao. Programu inaweza kula kipande cha utando huku, ikaacha kipande cha ubongo kule, na jumla ikatoka nzuri kabisa. Kanuni ya michepuko hailioni kosa hilo. Kwa hiyo fungua zote. Dakika kumi kwa kila picha ni saa nane tu za kazi.

Utakachokiona sana ni kutikisika. Tazama karibu na fuvu: mtu aliyetikisa kichwa picha yake ina mapindi mapindi, kama maji ya kidimbwi yaliyotupiwa jiwe. Mwaka 2015 Martin Reuter na wenzake waliwapiga picha watu wazima, mara wametulia, mara wanatikisa kichwa kwa makusudi. Ubongo ule ule ulipimwa mdogo na gamba lake jembamba pale mtu alipotikisika. Sasa fikiri: mgonjwa na mzima, nani atatulia zaidi ndani ya lile tundu lenye kelele? Mkizembea hapo, tofauti mtakayoiandika ni ya kutikisika, si ya kifafa. Ndiyo maana anayekagua picha asijue nani mgonjwa wala namba imetoka ngapi. Badilisha majina ya mafaili, toa alama 1 hadi 3 kwa ubora wa picha, kisha mwenzako akague baadhi bila kuona alama zako. Mkitofautiana, kaeni pamoja.

Nina suali jengine, utaliona la kijinga: watu wa Pemba waliopigwa picha Unguja, walishuka melini saa ngapi? Utafiti mmoja wa Ujerumani wa 2005 uliona kwamba kukaa saa 16 bila kunywa kunapunguza ujazo wa ubongo kwa asilimia 0.55. Aliyetapika njia nzima wakati wa kusi, au aliyepigwa picha alasiri ya Ramadhani, si sawa na aliyetoka kwao na chai yake tumboni. Kwa kipimo cha mara moja ni kitu kidogo. Mkirudia baada ya mwaka, kinaweza kulingana na mabadiliko yenyewe mnayoyatafuta.

Kwa mafundi wa mashine, omba daftari la kipimo cha fantomu, lile kopo la plastiki lenye maji ya chumvi. Fantomu kubwa ya ACR, chuo cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani, ina kipenyo cha ndani cha milimita 190, na kipimo kisipotoke mbali na hapo. Uliza pia kama mashine ilibadilishwa chochote katikati ya kazi yenu. Wagonjwa wakipimwa kabla na wazima baada, hakuna programu ya kuwaokoa.

Na kushoto kweli ni kushoto? Mimi faili liligeuka wakati wa kulibadilisha muundo, nikataja upande usio wenyewe mbele ya watu. Tangu siku ile nabandika kidonge cha mafuta ya samaki kwenye panja la kulia. Kwenye picha kinang'ara.

Msimamizi wako mwambie kwa adabu kwamba michepuko 3 inafaa kuchagua picha ya kufungua mwanzo. Wa kufutwa afutwe kwa kasoro iliyoonekana kwenye picha, iandikwe, na hesabu ifanywe pamoja naye na bila yeye.

Yule wa 2,100, mstari wake ukiwa sawa na kibali chenu cha maadili kikiruhusu, picha yake ifike kwa daktari anayemtibu. Huenda hajawahi kuiona.