Swali la Lugha: Kamera Inapoazimia

SWALI: Nina studio ndogo ya picha za pasipoti hapa Majengo, Moshi. Programu ninayotumia kupiga picha kwa kompyuta imeandikwa "Chagua azimio", na chini yake "Ukubwa wa fremu: 1920 x 1080". Je, azimio na ukubwa wa fremu ni kitu kimoja? Na "azimio la juu" ni Kiswahili sanifu?

JIBU: Swali lako la pili nitalijibu kwanza, kwa kuwa ndilo linalonikosesha usingizi, na jibu lake ni hapana.

Azimio limetokana na kitenzi azimia, chenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kukata shauri. Mwenye kuazimia ni mtu mwenye nia, au kikao cha watu wa namna hiyo. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, ikakata shauri, na tarehe 5 Februari shauri hilo likatangazwa likiwa na miiko yake: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hilo ndilo azimio. Hupitishwa, hutangazwa, hutekelezwa, hukiukwa, na hata hulegezwa, kama wanavyojua waliolisoma lile la Zanzibar la 1991. Lakini halina pikseli, yaani vile vinukta vinavyounda picha. Ninapokuta maelekezo yasemayo "punguza azimio ili kamera isikwame", najikuta nikiuliza ni mwiko upi unaotakiwa kuondolewa, na kama kamera imeshauriwa. Aliyeweka "ukubwa wa fremu" chini ya "azimio" ndiye aliyenimaliza kabisa, maana kwetu huku, uwe Arusha au Moshi, mtu akisikia fremu hufikiria chumba cha biashara cha kupangisha, yaani mali ya aina ile ile ambayo Azimio lilimkataza kiongozi.

Kosa lenyewe lilivyozaliwa si fumbo. Waingereza wana neno moja, "resolution", kwa kukata shauri na kwa uwezo wa lenzi kutenganisha nukta mbili zilizo karibu, na mfasiri, awe mtu au mashine, ameokota maana ya kwanza aliyoikuta kwenye kamusi, akaenda zake.

Sisi tunacho kitenzi pambanua, nacho kinatosha. Upambanuzi ni uwezo wa kamera kuonyesha nyusi za mteja unywele mmoja mmoja, badala ya kuzifanya mstari mmoja mweusi kana kwamba amejipaka wanja. Ukubwa wa fremu ni hesabu tu: pikseli ngapi kwa upana na ngapi kwa kimo. 1920 kwa 1080 ni pikseli 2,073,600, na 640 kwa 480 ni 307,200. (Nasema "kwa", kama wauza mbao wanavyosema mbili kwa nne, wanaosoma alama hiyo "eksi" nitawashughulikia siku nyingine.)

Kwa hiyo vitu hivi viwili ni ndugu, lakini si kimoja. Kihisio cha kamera, yaani kipande kinachopokea mwanga, kikiwa na pikseli 640 kwa 480 tu, programu inaweza kuitanua picha hadi 1920 kwa 1080 kwa kubuni pikseli za kujazia. Fremu itakuwa imekua, na nyusi zitabaki wanja. Hapo ndipo "azimio la juu" linapokuwa baya kuliko kosa la kawaida la lugha, kwa sababu linamwahidi mteja ubora mahali palipo na hesabu peke yake. Hata hivyo hesabu ina kazi yake. Picha ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli zipatazo 413 kwa 531. Kimo cha 480 hakiifikii, ilhali cha 1080 kinakuachia nafasi ya kupunguza kingo. Kamera ikianza kukwama katika ukubwa huo, usiilaumu lugha: video isiyobanwa ambayo kamera huituma kwenye kompyuta, ya 1920 kwa 1080, fremu (yaani picha) 30 kwa sekunde, hupeleka takriban megabiti 1,000 kila sekunde, na waya wa USB 2.0 mwisho wake ni 480. Chagua video iliyobanwa, au punguza idadi ya fremu kwa sekunde.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba orodha ya namba katika programu yako iitwe "ukubwa wa picha", neno ambalo hata mteja anayesubiri kwenye benchi atalielewa, na upambanuzi tuuwekee lenzi na kihisio. Vijana wa studio wanasema "rezolusheni". Sina haja ya kuwagombeza: ni neno la mkopo, linajulikana kuwa ni la mkopo, na halijamnyang'anya mtu kiti chake.